Jumapili Niliyompangia Devota

Kabla hujamwamsha mtu alfajiri, jua analala saa ngapi. Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi ya kupanga safari, ambao nawaona hapa mtaa wa Karama, Dubai, na kompyuta mbili mbele yenu na kikombe cha chai ya karaki pembeni, mkimwambia kila mteja wa Japani maneno yaleyale: "Nendeni mapema, mtaepuka msongamano." Maneno hayo nami niliyasema miaka mingi. Ni ya kweli. Lakini kuna mtu mmoja aliyeyafuata kama nilivyompangia, akarudi amepoteza kitu, na hadi leo sijui niihesabu vipi sehemu yangu katika hasara hiyo.

Jina langu ni Mutiso, mtu wa Machakos. Nilimaliza kidato cha nne, nikaja Dubai kulinda jengo moja la ghorofa nne. Chini ya jengo hilo palikuwa na ofisi ya safari ya Bi Zuwena, mama wa Kizanzibari ambaye ukoo wake ulihamia huku zamani. Siku moja alinikuta mlangoni nikimwambia mteja wake kwamba ndege aliyoichagua itamfikisha mama yake mzee saa ambayo hakuna chakula wala kitanda. Sikuwa nimeulizwa. Bi Zuwena akanitazama juu mpaka chini, kofia na filimbi, akasema, "Weye unasimama nje bure. Ingia ndani uwasumbue watu kwa mshahara." Nikaingia, nikatokea nilipostaafu.

Na niseme mapema, msije mkaambiwa na wengine: Japani sijawahi kufika. Nimepeleka huko maharusi, wafanyabiashara wa mtaa wa Naif waliokwenda kutafuta vipuri vya magari, na familia zenye watoto wanane, lakini mimi mwenyewe sikuvuka. Niliijua nchi ile kama unavyomjua jirani wa chumba cha pili, kwa kusikiliza ukutani.

Bi Zuwena alikuwa na namna yake ya kupanga asubuhi. Mteja akija anataka kuona msitu wa mianzi wa Kyoto bila watu, yeye hafungui ramani. Anamuuliza, "Nyumbani kwako nani anaamka wa kwanza? Nani anakaa sana bafuni? Nani hawezi ngazi na hatasema?" Wateja wengine walikasirika, wakaona anawapeleleza. Lakini nilijifunza kwamba ukijua nani anakaa bafuni, umejua treni ipi mtaikosa.

Alinifundisha pia jambo la saa. Japani iko mbele yetu kwa saa tano. Kwao kukipambazuka, hapa Dubai watu wa mjini ndio kwanza wanamaliza chakula cha usiku na kupeleka watoto kulala. Kwa hiyo mtu wa Dubai anayefika Japani, usimwambie alale mapema siku ya kwanza ili aamke alfajiri. Hatalala. Atageuka kitandani mpaka alfajiri, kisha usingizi umchukue wakati gari limefika. Mwache asilale, mpeleke hekaluni akiwa bado macho, kisha arudi alale mchana. "Wenzetu wale wanaamka alfajiri," alisema Bi Zuwena. "Sisi tunaikuta njiani tukienda kulala."

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa ya kuchekesha. Niliwapeleka Mzee Suleiman na wanawe kwenye mianzi ile mapema mno. Walikuta pametulia kama walivyotaka, na pamefungwa kila kitu kama wasivyotaka. Hoteli ilikuwa haijaanza kutoa kifungua kinywa, maduka hayajafunguliwa, na mzee ana sukari. Wanawe wakamnunulia kopo la moto kwenye mashine ya barabarani, wakidhani ni kahawa. Ilikuwa supu ya mahindi. Mzee akanywa, akasema, "Uji wao mwepesi, lakini uji." Aliporudi alinijia ofisini na kopo tupu, akaliweka mezani kwangu. "Hili ni lako, Mutiso. Ukimpangia mtu alfajiri, mpangie na tumbo." Tangu siku hiyo kila mteja wangu alinunua matonge ya wali jioni iliyotangulia, yale yaliyofungwa kwa mwani, akalala nayo chumbani. Kopo nililiwekea kalamu.

Siku hizi mambo yamebadilika. Simu inakuonyesha mahali palivyojaa watu kwa rangi, na hapo mnaona mmemaliza kazi. Lakini simu hiyohiyo imewashauri watu wote duniani waamke mapema, sasa alfajiri nayo ina foleni. Nawaambia siri ndogo: mara nyingi pengo liko baadaye kidogo, watu wa alfajiri wakishashuka kutafuta chai na mabasi ya makundi yakiwa hayajafika. Na mahali penye njia mbili, ingieni kwa njia ya nyuma. Haya si maarifa makubwa. Ni kumjua binadamu na njaa yake.

Sasa Devota.

Alikuwa yaya wa Kitanzania, mzaliwa wa Bukoba, katika familia moja iliyokata tiketi zake zote kwetu. Alikuja ofisini na dereva wao kuleta pasi za kusafiria. Dereva alibaki garini, yeye akaingia, akaniambia, "Shikamoo baba." Sisi watu wa Kenya bara shikamoo tuliisikia zaidi darasani kuliko nyumbani, nikajikuta nimenyoosha mgongo kabla ya kusema marahaba.

Nikamwambia, "Safari hii ni Japani. Utafurahi."

"Nitafurahia lifti," akasema.

"Lifti?"

"Baba, mimi nimefika London, nimefika Geneva, nimefika Istanbul. Ukiniuliza nilichoona, nitakwambia lifti ya hoteli, bwawa la watoto na duka la dawa. Lifti ya Istanbul ina kioo."

Tulicheka wote wawili. Kisha akaacha kucheka. Akasema safari hii amemwomba madam asubuhi moja, siku yoyote katika juma watakalokaa Kyoto, na madam amekubali, mradi awe amerudi kabla ya watoto kuamka. Watoto wa Dubai huko wanachelewa kuamka, kwa sababu ya zile saa tano. Alikuwa ameona kwenye simu picha ya njia inayopanda mlimani ikipita chini ya malango mekundu, lango baada ya lango, mahali paitwapo Fushimi Inari. "Nataka nipite pale bila kushika mkono wa mtoto," akasema. "Hiyo tu. Unaweza kunipangia?"

Nilimwambia kwamba hakuna kitu rahisi kama hicho. Hekalu lile halifungwi, kiingilio hakuna, stesheni iko mlangoni pake. Nilimpangia wakati wa chakula cha mchana, sambusa mkono mmoja na kalamu mkono mwingine. Na hapo ndipo nilipokosea, kwa namna ambayo mtu wa nyumbani Machakos asingeweza kukosea hata kwa bahati mbaya.

Nyinyi mmeikuta Dubai ikipumzika Jumamosi na Jumapili. Sisi tulikuta siku ya mapumziko ni Ijumaa. Kanisani tulikwenda Ijumaa. Kwaya, harusi, vikao vya watu wa kwetu, vyote Ijumaa. Jumapili asubuhi nilikuwa ndani ya metro na beji shingoni, pamoja na mji mzima. Nilikuwa nimeishi hivyo muda mrefu hata Jumapili ikaniingia mwilini kuwa siku ya kazi. Nilipotafuta siku ya kumpa Devota, niliiondoa Ijumaa kwa kuwa watu hawako kazini, nikaiondoa Jumamosi, nikampa Jumapili. Nikamwambia kwa kujiamini, "Siku hiyo watu wako makazini. Mlima utakuwa wako." Nikamwandikia treni ya kwanza kutoka kwenye ratiba ya siku za kazi.

Ungeniuliza Wajapani wanapumzika lini, ningekujibu vizuri. Hakuna aliyeniuliza. Safari za makundi zilipitiwa na Bi Zuwena, kisha na wenzetu wa kule. Ya Devota ilikuwa msaada wangu wa mchana, haikupita kwa mtu. Kumbukeni hilo. Unalomfanyia mtu kwa hisani linahitaji macho ya pili kuliko unalolipwa, kwa sababu hisani inakufanya ujisikie vizuri mapema.

Walisafiri, wakarudi. Devota alipita ofisini na boksi la biskuti za majani ya chai. "Nilikwenda, baba. Asante." Nilimuuliza kulikuwaje, akasema kuzuri, dereva anamsubiri. Nilimgawia Bi Zuwena biskuti nikijisifu kama niliyejenga mlima wenyewe.

Kiangazi kilichofuata familia ile ilikuwa inakwenda Geneva. Dereva alileta pasi za kusafiria. Nikazipanga mezani, ya Devota haimo. Palikuwa na ya msichana mwingine.

"Devota yuko wapi?"

"Yupo nyumbani," dereva akasema. "Hasafiri tena. Alichelewa kule Japani, madam akasema khalas, basi."

Alipoondoka nilifungua kalenda ya mwezi ule wa safari. Niliitazama tarehe niliyompa. Nilikaa nayo kidogo, kisha nikaenda mezani kwa Bi Zuwena nikamwambia nimempeleka yaya wa watu mlimani Jumapili, na treni niliyomwandikia siku hiyo haipo kabisa.

Aliweka miwani chini. "Jumapili? Na weye Mkristo?"

"Mimi Mkristo wa Ijumaa, Bi Zuwena."

Hakucheka. Akasema, "Basi kamwambie mwenye mtu wake. Na usimtume dereva."

Madam alikuja mwenyewe siku mbili baadaye kubadilisha hoteli. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye haraka, na nilikuwa nikimwogopa kidogo. Tulizungumza kwa Kiingereza chetu cha hapa, kilichochanganyika na Kiarabu. Nilimweleza yote: siku niliyoichagua vibaya, treni isiyokuwapo, njia nyembamba ya mlimani ambayo Jumapili hujaa watu wanaopanda na wanaoshuka. Nikasema, "Madam, Devota hakuchelewa. Nilimchelewesha mimi. Naomba kosa hili uliandike kwangu."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Treni ilimchelewesha nusu saa. Watu njiani, sawa, nusu saa nyingine. Hayo naelewa, siyo mtu mbaya mimi. Lakini mtoto wangu aliamka na homa, anatapika kitandani. Nilimpigia Devota. Nilipiga, nikapiga. Simu ilikuwa imezimwa." Akafunga mkoba wake. "Na unajua nini, Mister Mutiso? Mtoto alikuwa analia anamwita Devota. Mimi niko pale nimemshika, na anamwita Devota."

Akaondoka bila hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi.

Ijumaa iliyofuata nilimtafuta Devota baada ya ibada. Tulikwenda kwenye mkahawa mdogo nyuma ya jengo letu, tukaagiza chapati na maharage. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimwomba radhi kama mtu anavyomwomba mkubwa wake, ingawa angeweza kuwa binti yangu. Nikamweleza ile Jumapili.

Alinikodolea macho, kisha akaangua kicheko hadi watu wa meza ya pili wakageuka. "Kumbe! Mimi nilisimama pale stesheni nasema hawa watu wamekufa wote? Nikadhani nimeshuka ngazi isiyo yangu. Nikapanda, nikashuka, nikapanda. Baba Mutiso! Umenifanyisha mazoezi!"

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe. Kula, chapati inapoa."

Sikula. Nikamwambia nimezungumza na madam, na madam amenitajia simu. Devota alikuwa akikata chapati, mikono ikasimama.

"Chaji iliisha?" nikamuuliza. Nilitaka aseme ndiyo. Ningerudi kwa madam na neno hilo.

"Hapana. Niliizima."

"Kwa nini?"

Aliweka chapati chini. Kisha akanisimulia. Malango aliyakuta yana watu kweli, wapiga picha na maharusi waliovaa nguo za kukodi. Aliyapita akiwa nyuma ya migongo ya watu, hakuona kitu. Lakini alizidi kupanda, na wageni wengi huchoka mapema na kugeuka. Akafika mahali palipo wazi, mji wote unaonekana chini. Hapo alikuta wazee wa mtaa, kikundi chao cha kupanda mlima kila Jumapili, wamekaa kwenye benchi na chupa zao za chai. Bibi mmoja akasogea kidogo, akampa nafasi. Akammiminia chai kwenye kifuniko. Hawakuwa na lugha ya pamoja, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza chochote.

"Nikatazama saa," Devota akasema. "Nilikuwa na muda wa kushuka na kuwahi. Kwa taabu, lakini ningewahi. Nikaishika simu, nikaizima. Nikakaa."

"Ukakaa ukifanya nini?"

"Nilikaa tu, baba." Akaniangalia kana kwamba ananieleza jambo ambalo mtu mzima hapaswi kuelezwa. "Hakuna aliyeniita."

Sikumwuliza zaidi. Baadaye akasema angejua mtoto ni mgonjwa asingeizima, na kwamba mtoto yule bado humjia usingizini akilia. Akasema pia kwamba akirudishwa kwenye benchi lile leo, hajui atafanya nini. Alifanya kazi katika nyumba ile hadi mkataba wake ulipokwisha, bila kusafiri tena, kisha akarudi Bukoba. Salamu zake hunifikia Krismasi. Hakuna hata mara moja aliyonilaumu, na mimi nimekuwa nikitamani anilaumu.

Wengine mtaniambia basi mzee, jivue lawama, amesema mwenyewe ni yeye aliyeizima. Nimelifikiri sana. Labda angewahi treni ya mapema angepata benchi lile na muda wake wa kukaa, akashuka, akamkuta mtoto bado amelala. Labda kusingekuwa na bibi wala chai, kwa sababu siku ya kazi wazee wale hawapandi, na angerudi na picha nzuri ya malango matupu. Sijui. Ninachojua ni kwamba niliiangalia tena karatasi niliyompa, na kosa kubwa halikuwa Jumapili. Nilimpangia kufika, kupanda, kupiga picha, kushuka, kurudi. Kukaa sikumpangia. Mtu aliyekuja kwangu akiwa amechoka kuitwa, nilimpa orodha nyingine ya kutii.

Baada ya hapo kila mpango niliouandika ulikuwa na nafasi tupu katikati. Wateja walilalamika. Bwana mmoja aliniuliza, "Hapa kati ya hekalu na soko, tunafanya nini?" Nikamjibu, "Hapo sijui, bwana. Hapo ni penu." Bi Zuwena alisikia, akaguna, lakini hakuifuta nafasi ile. Nyinyi mna mashine zinazojaza kila dakika. Nawaomba mziache na njaa kidogo.

Sasa naishi mtaa wa Al Qusais kwa binti yangu Mwikali, anayefanya kazi mapokezi hotelini. Anasimama siku nzima akitabasamu, na kila anayepita ana neno naye. Jumapili ndiyo siku yake, siku hizi Jumapili ni mapumziko hata hapa. Huamka kabla ya jua kuwa kali, hushuka na kikombe chake hadi kwenye ukuta mfupi ulio kando ya maegesho, akakaa pale akitazama paka wa jengo. Hakuna cha kutazama zaidi. Wajukuu wangu wakiamka huanza, "Mama yuko wapi? Mama!" Nawawekea uji, nawaambia mama anakuja.

Simu yake huiacha mezani. Ikianza kulia, sijibu wala siizimi. Naangalia jina la anayepiga, yasije yakajirudia ya Kyoto. Kama si jambo la dharura, naigeuza kifudifudi juu ya kitambaa, isisikike sana, nawaongezea watoto uji.